Mama Mkwe Apima Barabara

Siku jiji lilipotangaza jina la mhandisi atakayeipima njia ya baiskeli ya barabara yao, wenye maduka walipigana mabega kwa furaha. Walisikia ni mama mmoja wa idara ya barabara, mtu wa haki, asiyependa makuu. Kelele zilizimika pale seremala, mwenyekiti wao, alipovua kofia, akajikuna kichwa na kusema:

"Jamani, huyo ni mama mkwe wangu."

Mwenye duka la dawa, ambaye mtaa mzima ulimwita Daktari ingawa hakuwahi kumtibu hata paka, akaruka kutoka kitini. "Basi tumeshinda! Mungu akupe nini tena, Mwenyekiti? Nenda ukamlainishe mkweo. Mkono mtupu haulambwi."

"Humjui wewe," seremala alisema. "Yule halainishwi. Yule ni msasa."

Seremala alikuwa na duka la fanicha katikati ya barabara ile, karakana nyuma, makabati na makochi mbele. Alikuwa mtu wa mwili, mwenye sauti ya kusikika juu ya msumeno wa umeme, na mdomo wake haukuwa na breki. Ndiyo maana wenzake walimpa uenyekiti. Lakini mbele ya mama mkwe wake alikuwa mpole kama maji ya mtungini. Alipokwenda kuposa, miaka hiyo, alibeba kigoda alichokichonga mwenyewe kwa mkono. Mama yule alikikalia, akajitikisa kidogo, akasema, "Kimeegemea kushoto." Wajomba wakaangalia chini kwa aibu. Seremala akapiga magoti, akakigeuza, akakuta kweli, akaomba patasi. Baadaye mama yule alimwambia binti yake, "Ameambiwa kasoro na hakununa. Huyo utaishi naye."

Sasa ugomvi wa barabara ulikuwa hivi. Mwaka uliotangulia, jiji lilichora njia ya baiskeli yenye rangi ya kijani, ndefu kama mkeka usio na mwisho. Upande wake wa kulia magari yalikuwa yakikimbia, upande wa kushoto magari ya wateja yalikuwa yameegeshwa mbele ya maduka, na baiskeli zikapita katikati kama nyama kwenye mkate. Ilikuwa ya majaribio. Mwaka ukiisha, ingepimwa, na madiwani wangeamua ibaki au ikwanguliwe. Wenye maduka walitaka ikwanguliwe. Wateja walisema wanaogopa kusimama pale. Malori ya mzigo yalikuwa yakitozwa faini kila yalipogusa kijani. "Rangi haijawahi kumlisha mtu," Daktari alikuwa akisema, na seremala alikuwa akiitikia kwa sauti kuliko wote.

Basi Jumapili ile alimchukua mkewe wakaenda kumsalimia mama. Njiani mkewe alikuwa akicheka peke yake.

"Unacheka nini, mama watoto?"

"Nakucheka wewe. Unakwenda kumshika mama yangu sikio."

"Nakwenda kumsalimia."

"Haya, kamsalimie."

Walimkuta ukumbini, miwani puani, anashona kifungo cha kizibao chake cha kung'aa. Seremala aliinama, akatoa shikamoo, akakaa ukingoni mwa kiti. Kabla hajafungua mdomo, mama alimtazama juu ya miwani.

"Baba, umekuja kama mkwe wangu au kama mwenyekiti?"

Seremala akauliza, "Kwani, mama, kuna tofauti?"

"Ipo. Mkwe anakaribishwa mezani. Mwenyekiti anakuja ofisini asubuhi, anakaa kwenye foleni kama watu wengine."

"Nimekuja kama mkwe, mama."

"Basi tule."

Wakala. Hawakuzungumza habari ya barabara hata neno. Walipokuwa wakiaga, aliwashika mikono. "Mpaka nimalize kazi hii sitakanyaga kwenu. Waambieni wajukuu zangu bibi yao hajasusa. Ila watu wana macho, na barabara ile ni ya watu."

Jumatatu asubuhi alikuja. Alikuja kwa baiskeli nyeusi yenye kikapu mbele, mgongo umenyooka kana kwamba amebeba ndoo kichwani. Alifungua kigoda cha kukunja ng'ambo ya pili, chini ya kibaraza cha benki, akakaa. Siku hiyo hakufanya lolote ila kutazama. Kesho yake vilevile. Wenye maduka wakaanza kunong'ona kwamba jiji limewaletea mlinzi.

Lakini kumbe alikuwa ameanza na macho ndipo aje kwenye masikio. Alimsimamisha kila mtu: waendesha baiskeli, madereva, abiria waliokuwa wakishuka basi, mama wa kusukuma kigari cha mtoto, mzee wa fimbo aliyekuwa akivuka kwa hatua za konokono. Aliingia kila duka isipokuwa moja. Kwa Daktari alikaa asubuhi nzima, na Daktari akamwaga yote yaliyokuwa moyoni, mengine ya barabara, mengine ya kodi, mengine ya ndoa yake. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Katika uliyosema, habari ya malori ni kweli tupu. Hatukuwaachia mahali pa kushushia mzigo. Hilo ni kosa letu." Daktari alitoka nje akiwa amepigwa na bumbuwazi. Hakuna mtu wa serikali aliyewahi kumwambia kuwa amesema kweli.

Duka ambalo hakuingia lilikuwa la mkwewe. Mvua ilinyesha siku moja, mvua ya kupiga ubavuni, akiwa upande huu wa barabara anapima upana wa njia kwa tepu. Mlango wa seremala ulikuwa hatua chache tu. Hakuingia. Alisimama chini ya ukingo wa bati wa duka la jirani, maji yakimchuruzika mabegani. Seremala alihangaika mlangoni kama kuku anayetaka kutaga. Mwishowe akachukua kiti na mwavuli, akatoka navyo. Mama aliinua kiganja tu. Kiti kikarudi ndani.

"Mwenyekiti," wateja walimnong'oneza, "unamwacha mkweo aloane?"

"Nyamazeni," alisema. "Hamwoni kwamba ananiheshimu?" Na aliposema hivyo, yeye mwenyewe ndipo alipoelewa kwamba ni kweli.

Yaliyobadilisha mambo yalitokea wiki ya pili, asubuhi yenye jua. Mteja mmoja, bibi mstaarabu aliyekuja kuchukua kabati lake, aliegesha gari mbele ya duka, akazima injini, akafungua mlango. Wakati huohuo Bwana Mayai alikuwa anapita. Huyu alikuwa akiuzia mikahawa ya barabara nzima, trei zimepangwa nyuma ya baiskeli hadi usawa wa mabega yake, na hakuna aliyewahi kumwona akidondosha hata moja. Mlango ulimkuta kifuani. Akaruka, akaangukia kiwiko upande wa magari yaendayo, na trei zikamfuata zote. Gari lililokuwa nyuma yake lilifunga breki zikalia mpaka watu wakafumba macho. Lilisimama karibu kabisa na kichwa chake.

Seremala alitoka mbio, na mdomo ukamtangulia. "Hawa watu wa baiskeli hawatazami! Wanapita kama barabara ni ya baba zao!"

Bwana Mayai alikuwa amelala chali katikati ya ute na maganda, anashika mkono wake. Yule bibi alikuwa amesimama kando ya mlango, anarudia, "Sikumwona. Jamani, sikumwona."

Mama alishavuka. Alipiga magoti palepale kwenye mayai, sketi na yote, akamshika majeruhi bega, akamwambia asijiinue, akamtuma Daktari alete bandeji na mtu mwingine aite gari la wagonjwa. Alimfunga mkono kwa utaratibu, huku akimwuliza maswali madogo madogo ili aendelee kuzungumza. Kisha akamgeukia yule bibi, akamshika mkono naye. "Usilie. Hujafanya neno."

"Hajafanya neno?" mtu mmoja alipaza sauti. "Basi mwenye makosa ni mwenye mayai!"

"Wala yeye." Mama aliinuka, akavuta tepu, akapima mlango ulivyofunguka. Ulifika nusu ya kijani na zaidi. Akasimama akiutazama, ute ukimdondoka magotini. "Mlango umefunguliwa kama milango yote inavyofunguliwa. Na huyu kapita palepale tulipomchorea apite. Mwenye makosa ni huu mstari. Sisi ndio tuliouweka."

Alisema hivyo mbele ya watu wote, mfanyakazi wa jiji aliyevaa kizibao chenye nembo ya jiji. Seremala alihisi maneno aliyoyatamka dakika chache nyuma yanamrudia kooni kama mwiba wa samaki.

Gari la wagonjwa lilipomchukua Bwana Mayai, baiskeli yake ilibaki imeegemea ukuta, ukingo wa gurudumu umejipinda kidogo. Kabla ya kuondoka alikuwa ameomba jambo moja: ifikishwe nyumbani kwake, mwisho wa barabara, kwa mke wake, asije akaisikia habari hii kwa watu akadhani amekufa.

"Nitaipeleka mimi," seremala alisema. Hakujua kwa nini alisema. Labda ilikuwa ni ule mwiba.

Mama alimtazama. "Utaisukuma?"

"Nitaipanda."

Hakuwa amepanda baiskeli tangu kitambi kilipokuwa bado ni ndoto. Aliyumba, akasalimiana na nguzo ya taa, akapata mwendo. Na hapo barabara aliyoishi nusu ya umri wake ikageuka mahali pengine kabisa. Kulia kwake magari yalikuwa yakipita karibu hata akausikia upepo wao shingoni. Kushoto kwake ilikuwa milango, milango, milango. Kila kioo chenye kichwa ndani yake kilimtisha. Aliona mguu umetokeza, akakwepa kulia, honi ikamlilia. Akarudi kushoto, taa ya gari ikawaka. Yeye, mtu mzima mwenye sauti, alijikuta anamwomba Mungu kimoyomoyo kwamba huyu asifungue, na yule asifungue, na yule naye. Mbele ya duka la vyombo lori lilikuwa limesimama juu ya kijani linashusha mzigo, ikabidi aingie katikati ya barabara. Alishuka, akasukuma hadi mwisho wa barabara.

Mke wa Bwana Mayai alipomfungulia mlango, alimkuta mtu amelowa jasho. "Mume wako mzima," seremala alimwambia. "Ni mkono tu. Na mimi, dada, naomba maji."

Aliporudi kwa miguu, alivuka moja kwa moja hadi kibaraza cha benki, akasimama mbele ya kigoda.

"Mama, wanapita pale kila siku?"

"Kila siku, baba."

"Bwana Mayai na trei zake zote?"

"Na trei zake."

Alitikisa kichwa. Kisha akavuka kurudi dukani.

Mkutano wa kutoa majibu ulifanyika katika ukumbi wa shule, watu wamejaa hadi madirishani. Upande mmoja wenye maduka, upande mwingine waendesha baiskeli, na Bwana Mayai mbele kabisa, mkono umening'inizwa shingoni. Mkurugenzi wa jiji alifungua kwa maneno matamu. Alisema wageni wa kutoka miji mingine wanakuja kujifunza, na kwamba anayo furaha kutangaza, kama mhandisi wetu alivyoandika, njia hii imefanikiwa.

Waendesha baiskeli wakaanza kupiga makofi. Mama akasimama, na makofi yakafifia.

"Samahani, Mkurugenzi. Sikuandika hivyo."

Mkurugenzi akageuka kumtazama.

"Niliandika kwamba watu wanaopanda baiskeli hapa wameongezeka, na hilo ni jema. Niliandika pia kwamba wanapanda kwa hofu, na kwamba wenye maduka wana haki ya kulalamika. Wote wawili wana haki. Njia inahitajika. Mahali ilipo ndipo pabaya."

Daktari hakuweza kujizuia. "Unasema hivyo kwa sababu Mwenyekiti wetu ni mkweo!"

Seremala alitamani ardhi ipasuke. Mama wala hakupepesa jicho. "Ni mkwe wangu kweli, na mke wake nilimzaa mwenyewe. Mwulizeni mara ya mwisho nilipokunywa hata maji kwake."

"Tangu aanze kazi hii, hajaingia!" seremala alisema kwa sauti yake ya karakana. "Hata siku ya mvua! Nyie wenyewe mlimwona!"

Watu wakacheka, na Daktari akakaa, kwa kuwa kweli alimwona.

"Sasa naomba madawati," mama alisema.

Waliyapanga madawati kwa mstari mrefu kando ya ukuta, watu wamekaa juu yake, miguu imeelekea ndani ya ukumbi. Hayo yakawa magari yaliyoegeshwa. Vijana wanne wa mbio wakawekwa katikati ya ukumbi, wawe magari yaendayo. Akamwomba Daktari awe baiskeli, apite katikati.

"Mimi?"

"Wewe. Umesema sana, sasa utembee."

Daktari alipita kwa maringo. Mama akapiga kofi moja, na mtu wa dawati la tatu akainuka ghafla, kiwiko nje. Daktari akaruka pembeni akagongana na kijana wa mbio, wote wawili chini. Ukumbi ulivunjika kwa vicheko. Bwana Mayai alicheka mpaka akashika mkono wake unaouma.

"Sasa tubadilishe," mama alisema. Akayasogeza madawati yenyewe, akisukuma pamoja na seremala, hata yakawa mbali kidogo na ukuta. Pakatokea ujia kati ya ukuta na madawati. "Baiskeli ndani, karibu na maduka. Halafu nafasi ndogo ya kufungulia mlango. Halafu magari yaliyoegeshwa, yawe ukuta. Halafu magari yaendayo. Rangi haimkingi mtu, baba. Gari lililosimama linamkinga. Na kila baada ya maduka kadhaa tunaacha nafasi ya lori kushusha mzigo asubuhi. Pita tena."

Daktari alipita, safari hii akitazama huku na huku kama mwizi. Mama akapiga kofi. Mtu akainuka. Hakuna kilichotokea. Daktari alisimama katikati ya ujia, akageuka, akapita tena bila kuombwa.

Dereva mmoja wa teksi alilalamika kwamba barabara itapungua upana. "Itapungua," mama alikubali. "Mtakwenda polepole zaidi. Sikufichi." Wengine waliguna, naye akawaacha wagune. Hakujaribu kumpendeza mtu yeyote, na seremala, akiwa amesimama kando ya dawati lake anapumua, aliona jinsi jambo hilo lilivyowafanya watu wamwamini zaidi kuliko hotuba zote alizowahi kutoa yeye.

Ikafika zamu ya mwenyekiti kusema. Alikuwa ameandaliwa maneno na wenzake, makali, yote ya kukwangua. Aliyaacha.

"Mimi nilipanda," alisema. "Nilipanda mara moja tu, na niliogopa kuliko siku niliyokwenda kuposa. Tunachotaka sisi ni wateja wasimame na mizigo ishuke. Nimeviona vyote viwili pale kwenye madawati. Ibaki, lakini ihamishwe."

"Msaliti!" mmoja alipiga kelele kutoka nyuma, nusu mzaha, nusu kweli. Lakini Daktari aliyekuwa akipangusa vumbi la suruali alisema, "Mwacheni. Hata mimi nimepita."

Madiwani walibishana majuma kadhaa, kisha wakakubali. Wageni wa Mkurugenzi waliambiwa wasubiri. Mafundi walikuja na kingo za zege, na mama alikuwa juu yao kila asubuhi. Siku moja alimfanya mkandarasi ang'oe ukingo mzima kwa sababu ulikuwa umekula nafasi ya milango kwa upana wa kiganja. Mkandarasi alilalamika kwamba kiganja si kitu. "Kalale hapo chini," alimwambia, "nifungue mlango, halafu utuambie kiganja ni kitu au si kitu." Ukingo uling'olewa.

Siku njia mpya ilipofunguliwa hapakuwa na utepe. Asubuhi palikuwa na vurugu, kwani wateja wa zamani waliegesha ndani ya njia, karibu na maduka, kwa mazoea, na seremala na Daktari walishinda nje wakiwaelekeza kwa mikono kama askari wa barabarani, wakibishana wao kwa wao. Kufikia mchana watu walishajua. Baiskeli zilikuwa zikipita taratibu mbele ya milango ya maduka, na wengine, kwa kuwa walikuwa karibu na vioo, walikuwa wakisimama kutazama vitu. Mwanamume mmoja aliyefunga kiti cha mtoto nyuma ya baiskeli alishuka kuuliza bei ya kitanda kidogo. Seremala alijibu huku akitazama nje.

Jioni, jua likiwa bado lipo, mke wa seremala alitoka dukani akifunga kitambaa kichwani. Akamwendea mama yake aliyekuwa akizunguka na tepu, anakagua kazi yake mwenyewe kwa jicho kali lilelile alilokagulia kila kitu.

"Mama, nami nataka kujua."

"Kujua nini?"

"Kupanda. Hukuwahi kunifundisha."

"Hapakuwa na mahali pa kukufundishia," mama alisema. Akaweka tepu kikapuni. "Njoo."

Basi watu wa barabara ile wakatoka milangoni kuona. Mwanamke mtu mzima, mama wa watoto watatu, juu ya baiskeli nyeusi, ameshikilia usukani kana kwamba utamkimbia. Na nyuma yake mama yake mwenye mvi, mkono mmoja umeshika kiti cha baiskeli, anakimbia. Anakimbia kwelikweli, viatu vinapiga chini, miwani imemshuka puani. "Tazama mbele! Usitazame gurudumu, gurudumu linajua kazi yake!" Walipita mbele ya duka la vyombo, mbele ya benki, wakageuka, wakarudi. Mama alikuwa anahema, uso unang'aa jasho, na hakuachia.

Seremala alikuwa amesimama mlangoni na randa mkononi, amesahau kuiweka chini.

"Mwenyekiti," Daktari alisema pembeni yake, bila kuyatoa macho kwa wale wawili. "Nasikia huyu mama anastaafu karibuni."

"Ndiyo."

"Akistaafu tunampa uenyekiti."

"Kwa hiyo mtanipindua?"

"Hata leo, ndugu yangu. Hata leo jioni, ukikubali."

"Niandikie barua," seremala alisema, "nitakuwa wa kwanza kutia sahihi." Akaweka randa chini, akavuka ukingo mpya, akasimama katikati ya njia na mikono miwili juu, kwa sababu mkewe alikuwa anarudi kwa kasi na hakuna aliyekuwa amemfundisha kufunga breki.